Mapangaboi manne ya vitenge: jinsi ya kushona mraba wa mfarishi kwa mabaki ya fundi

Chini ya meza ya kila fundi cherehani pana mfuko wa mabaki: kona za makwapa, mikato ya shingo, vipande vya vitenge vilivyobaki gauni lilipokamilika. Vingi huishia kujazwa kwenye mito au kutupwa jalalani. Inauma, kwa sababu kipande cha inchi 4 kwa 8 tu kinatosha kuanzisha kazi nzuri. Hapa tutashona mraba mkubwa wa futi moja kwa futi moja wenye mapangaboi manne, yaani mapambo yenye mabawa manne kama feni, kila moja na kitenge chake. Miraba kama huo ikiunganishwa huzaa mfarishi, lile tandiko nene la matabaka matatu lenye viraka upande wa juu.

Pangaboi zima hujengwa na kitu kimoja: mraba mdogo wenye mshono kutoka kona hadi kona, nusu kitenge na nusu nyeupe. Nitauita mraba pacha. Nyota, mawimbi, vilele vya milima na mapambo mengine mengi yaliyokomaa Marekani katika karne ya 19 ni miraba hiyo hiyo, imegeuzwa tu huku na huku. Kwa hiyo ukiuweza huu, umeweza mengi.

Ugumu wake uko mahali pamoja. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazozikatiza. Kivute kwa mtande, hakisogei. Kivute kwa mshindio, kinaachia kidogo. Kivute mshazari, kinarefuka kabisa, na kikishavutika hakirudi kilivyokuwa. Pembetatu nusu ya mraba ina upande wake mrefu mshazari, na anayekata pembetatu kwanza halafu akazishona anapata miraba iliyopinda hata kama mkono wake ni mwepesi. Basi sisi hatutakata pembetatu. Tutashona mraba ukiwa mzima, ndipo tukate. Mkasi ukipita, mshono tayari umekwisha kuushika mshazari.

Kuchagua vitambaa

Tumia pamba tupu. Kama hujui kipande ulichookota ni cha nini, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Polista haikubali mkunjo wa pasi, na kazi hii yote inategemea mkunjo wa pasi, kwa hiyo iweke pembeni.

Kwa mraba mmoja mkubwa unahitaji:

- vitenge vinne tofauti, kila kimoja kipande cha inchi 4 kwa 8;
- kitambaa cha msingi cha rangi moja, ukanda wa inchi 4 kwa 32.

Kwa msingi napendelea bafta nyeupe au amerikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiishusha Zanzibar kwa marobota katika miaka ya 1830. Umaziwa wake unatuliza vitenge vyenye makelele. Ukitaka kazi kali zaidi, weka msingi mweusi. Vitenge vya njano na machungwa vitawaka juu yake.

Watu wengi huchagua kwa kuangalia rangi: nyekundu na kijani, buluu na njano. Kinachofanya pangaboi lionekane ni tofauti ya weusi na weupe kati ya kitenge na msingi. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea ni rangi mbili tofauti, lakini ukirudi hatua tano nyuma zinameza umbo, hujui pangaboi linaanzia wapi. Panga vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kitenge kinachopotea ndani ya msingi kiondoe, hata kama unakipenda.

Angalia pia ukubwa wa maua. Pembetatu yetu ikiisha ina inchi 3 kwa kila upande mfupi. Kitenge chenye duara kubwa la sahani au ndege mzima kitakatika vipande visivyoeleweka. Pembetatu moja itakuwa ya ndege na nyingine itakuwa weupe mtupu. Maua madogo, nukta, mistari ya kuvunjika na mapambo yaliyosongamana hukaa vizuri. Kanga nayo inafaa, hasa pindo lake lenye korosho ndogo ndogo, ila ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo itie wanga mara mbili.

Maji, wanga na pasi

Fua kila kitambaa kabla ya kukata. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani, kinaweza kuruka kikipata maji, na kingine kinachuja rangi. Baada ya kufua, kiweke kikiwa bado kibichi juu ya kitambaa cheupe na ukandamize kwa pasi. Cheupe kikipata doa, fua tena. Kikiendelea kutia doa baada ya kufuliwa mara tatu, usikishone karibu na bafta. Nyekundu na buluu ya bahari ndizo zinazosumbua zaidi.

Kisha wanga. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa au unga laini wa mahindi wa kuutia mchuzi uzito, katika maji baridi kidogo, umimine kwenye nusu lita ya maji yanayochemka na ukoroge mpaka uwe mwangavu. Upoe, uchuje kwa kitambaa, uchovye vipande, uvikamue, uvianike mpaka vibaki na unyevunyevu, halafu upige pasi. Kitambaa kitakakamaa karibu na karatasi, na mshazari wake hautakimbia ovyo. Hatua hii wengi huiruka. Naisisitiza kwa sababu inaokoa kazi zote zinazofuata. Wanga huvutia mende, kwa hiyo ukimaliza mfarishi wako ufue kabla ya kuuhifadhi.

Wenye pasi ya mkaa, pangusa tako lake kwenye jani la mgomba kabla ya kugusa bafta, na kung'uta majivu mbali na meza.

Robo inchi

Mshono wa mfarishi hukaa robo inchi kutoka ukingoni, pungufu ya upana wa nyuzi moja au mbili. Fundi wa nguo amezoea kuacha nusu inchi au zaidi na kusamehe kasoro ndogo, kwa kuwa mwili wa mteja nao husamehe. Huku hakuna msamaha. Mraba mkubwa wetu una miraba pacha 16. Kasoro ya uzi mmoja katika kila mshono inajumlishwa, na mwishoni mstari mmoja hukataa kukutana na mwingine.

Cherehani yoyote ya mshono ulionyooka inafaa. Butterfly ya kukanyaga iliyo katika nyumba nyingi inaiweza kazi hii vizuri sana, maana tundu la sindano kwenye bamba lake ni dogo na halimezi kona za kitambaa. Weka sindano mpya namba 14, uzi wa kijivu hafifu au wa maziwa ambao unajificha chini ya rangi zote, na mishono kama 12 kwa inchi.

Sasa tafuta robo inchi yako. Usiamini ukingo wa mguu wa cherehani mpaka uupime. Laza futi chini ya sindano, ishushe sindano kwa mkono ikae juu ya alama ya robo inchi, na mahali mwanzo wa futi ulipo upande wa kulia bandika tabaka mbili tatu za plasta juu ya bamba. Hiyo ndiyo reli ya kuegemezea kitambaa.

Ijaribu. Kata kanda tatu zenye upana wa inchi moja na nusu na urefu wa kidole, uziunganishe kwa ubavu, upige pasi, kisha upime ukanda wa katikati. Unatakiwa uwe inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba, unakula kitambaa kingi. Sogeza plasta ikaribie sindano. Ukiwa mpana, isogeze mbali. Rudia mpaka ikae, hata ikikuchukua asubuhi nzima. Ukiipata huigusi tena.

Kukata na kushona miraba pacha

Kutoka kila kitenge kata miraba 2 ya inchi 4. Kutoka kitambaa cha msingi kata miraba 8 ya inchi 4. Kingo zifuate mtande na mshindio. Ukiwa na shaka, vuta uzi mmoja utoke kitambaani, alama yake ndiyo mstari ulionyooka kuliko rula yoyote.

Kwa nini inchi 4 wakati tunataka inchi 3? Mraba pacha unaomalizika kwa inchi 3 unahitaji mraba wa kuanzia wa inchi 3 na sehemu saba za nane. Tunaongeza sehemu moja ya nane ili tuwe na cha kupunguza. Kanuni hiyo inatumika kwa ukubwa wowote: chukua kipimo unachotaka kionekane mfarishi ukiisha, ongeza inchi 1.

1. Geuza mraba wa msingi, na upande wa nyuma uchore mstari wa penseli kutoka kona hadi kona. Penseli iwe na ncha, mkono mwepesi. Ukikandamiza unauvuta mshazari kabla hata ya kushona. Karatasi ya msasa chini ya kitambaa hukizuia kuteleza.

2. Ulaze juu ya mraba wa kitenge, uso kwa uso, kona zikutane. Kitenge cha nta huonyesha rangi karibu sawa pande zote mbili, lakini vingi vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu. Viangalie kwenye mwanga. Pini mbili, mbali na mstari.

3. Shona robo inchi upande mmoja wa mstari, kutoka kona hadi kona. Usikate uzi. Ingiza jozi inayofuata moja kwa moja, na inayofuata, jozi zote nane zitoke nyuma ya cherehani zikiwa zimeshikana kwa uzi. Zigeuze zote, ushone upande wa pili wa mstari vivyo hivyo. Unaokoa uzi, na kona hazikunjamani kwa kuwa meno ya cherehani hayakosi kitu cha kushika. Hapa reli ya plasta haikusaidii, kwa sababu unafuata mstari wa katikati na si ukingo. Kama ubavu wa mguu wa cherehani yako hauko robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, chora mistari miwili ya kushonea kwa rula kabla ya kuanza.

4. Tenganisha jozi, kisha kila moja ikandamize kwa pasi ikiwa bado imefungwa, ili uzi uzame kitambaani. Kata juu ya mstari wa penseli. Kila jozi imekupa miraba pacha miwili, na zote nane zimekupa 16.

5. Fungua. Laza kitenge kikiwa juu, inua pembe yake kwa vidole na uifuate kwa ncha ya pasi mpaka mshono ufunguke, mapindo (ile robo inchi ya kitambaa iliyobaki nje ya mshono) yakiwa yamelalia upande wa kitenge. Pasi hapa inawekwa na kuinuliwa, haisukumwi. Mkono uliozoea kunyoosha shati husukuma bila kujua, na mraba unatoka na umbo la kishada. Mapindo yakilalia upande wa bafta, rangi itaonekana kwa chini, ndiyo sababu tunayapeleka kwenye kitenge.

Sasa una miraba pacha yenye inchi 3 na sehemu tano za nane hivi, mingine imekaa vizuri na mingine imelegea kidogo. Yote tunaipunguza iwe inchi 3 na nusu kamili. Wenzetu wenye maduka ya vifaa vya mifarishi hutumia rula maalumu ya plastiki. Wewe kata mraba wa inchi 3 na nusu kwenye plastiki ngumu inayoona mpaka chini, uchore kwa kalamu ya wino usiofutika mstari wa kona hadi kona. Laza mstari huo juu ya mshono hasa, hakikisha kitambaa kinachomoza kidogo pande zote nne, chora kuzunguka kwa penseli, kata. Mshono ndio unaoongoza. Usitafute ukingo uliolingana, tafuta mshono unaoangukia kona kwa kona. Vile vimasikio vinavyochomoza kwenye kona vitaondoka hapohapo.

Kulipanga pangaboi

Chukua miraba minne ya kitenge kimoja. Wa kwanza uweke juu kushoto, mshono ukitoka kona ya nje kwenda katikati, na kitenge kikigusa ukingo wa juu. Wa pili, juu kulia, uzungushe robo ya duara kufuata saa, kitenge kiguse ukingo wa kulia. Wa tatu, chini kulia, kitenge kiguse ukingo wa chini. Wa nne, chini kushoto, kitenge kiguse ukingo wa kushoto. Mishono yote minne ielekee katikati, na kila kitenge kipakane na bafta ya jirani yake. Ukiona kitenge kimekutana na kitenge, mraba mmoja umekaa kinyume.

Lipige picha kabla ya kushona. Ukitoka mezani kwenda kwenye cherehani, mraba hugeuka mkononi bila taarifa.

Unganisha miwili ya juu. Utaona mapindo ya mishono ya mshazari yakigongana: moja limelala huku, jingine kule, kwa hiyo yanafungana yenyewe. Yasukumane kwa vidole mpaka usikie hakuna nundu wala pengo, tia pini, shona. Unganisha miwili ya chini vivyo hivyo. Nusu hizi mbili ni sawasawa, moja imegeuzwa tu. Kwa hiyo zote mbili zipige pasi namna moja, mapindo yakielekea kwenye kitenge kinachopakana na mshono huo. Ukiigeuza ya chini na kuilaza mahali pake, mapindo yake yatakuwa yameelekea upande wa pili wa yale ya juu na yatafungana tena.

Mshono wa mwisho, ule wa katikati, ndio unaoonekana kuliko yote. Pembe zote nane zinakutana katika nukta moja. Chomeka pini wima katika nukta hiyo kwa upande wa juu, itokee kwenye nukta hiyo hiyo upande wa chini, uiache imesimama. Tia pini nyingine mbili kulia na kushoto kwake, kisha uichomoe ile ya wima. Ukiangalia upande wa nyuma utaiona mishono ikikatana na kufanya alama ya X. Sindano ipite juu ya makutano yale hasa, au upana wa uzi mmoja nje yake kuelekea ukingoni. Ikipita ndani, ncha za pembetatu zinakatwa na pangaboi linakuwa na tumbo butu.

Fungua. Upande wa nyuma, katikati, patakuwa na fundo la matabaka mengi. Hapa pana ustadi mdogo unaopendeza. Fumua mishono miwili mitatu ya ule mshono wa wima iliyo ndani ya mapindo tu, juu ya mshono wa mlalo na chini yake. Usiuguse mshono wa mlalo wenyewe. Kisha, ukiwa bado unatazama nyuma, upande wa kulia uyapeleke mapindo chini, wa kushoto uyapeleke juu. Katikati patafunguka kapangaboi kadogo ka ukubwa wa ukucha, na unene wote utatawanyika. Kandamiza kwa pasi. Ukiligusa upande wa mbele, hutasikia nundu.

Pangaboi lako lipime: inchi 6 na nusu. Shona mengine matatu, uyapange mawili juu na mawili chini, rangi kali zikiwa kona zinazotazamana, halafu uyaunganishe kwa njia hiyo hiyo. Mraba mkubwa utakuwa na inchi 12 na nusu, na ukishaunganishwa na wenzake utabaki futi moja kamili.

Kuelekea kitandani

Futi moja ni kipimo kizuri kwetu, maana vitanda vyetu vinauzwa kwa futi. Cha tano kwa sita kinahitaji miraba mikubwa 30, na cha sita kwa sita 36, kwa juu ya godoro tu bila kuning'inia. Miraba 30 ni mapangaboi 120 na miraba pacha 480. Msingi wake ni miraba 240 ya inchi 4. Kitambaa cha upana wa inchi 45 kinatoa 11 kwa kila ukanda, kwa hiyo kanda 22, yaani inchi 88. Nunua yadi 3, ufuaji na makosa vikiwa ndani yake. Vitenge, omba kwa mafundi wa mtaani kwako. Wengi watakupa mfuko bure.

Ukikamilisha upande wa juu, tandika chini kitambaa cha mgongo, katikati blanketi jembamba la zamani la pamba, juu viraka vyako, na ushone matabaka yote matatu kwa mkono, mshono wa bandi, mstari kwa mstari. Huko Karnataka, India, wanawake wa jamii ya Siddi, ambao wazee wao walitoka Afrika, hushona viraka vya mifarishi yao iitwayo kawandi wakianzia ukingoni na kuingia katikati, na hawauhesabu kuwa umekwisha mpaka kila kona ipate vipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa wanavyoviita phula. Kwa mapangaboi yetu anzia katikati ya mfarishi kwenda nje, ili mikunjo ya kitambaa cha chini isukumwe kuelekea kingo. Pitisha mishono robo inchi kutoka mipaka ya pembetatu, upande wa bafta, ambako sindano haikutani na mapindo. Kisha zungushia ukingo ukanda wa kitenge wa inchi 2 na nusu uliokunjwa katikati kwa urefu, ukaushone nyuma kwa mkono.